Majaribio Yaliyopotea Njiani: Maoni juu ya Kuhamisha Programu kwenye Kiunzi Kipya

Wapo wakufunzi wenzetu wanaosema kwamba jarida la mbinu za kufundishia si mahali pa kuzungumzia programu za kompyuta. Tunawaheshimu, lakini hatukubaliani nao. Mwalimu wa shule ya msingi anayeanza kazi siku hizi, apende asipende, huenda akakabidhiwa mapema kompyuta ya ofisi ya mwalimu mkuu, na pamoja nayo programu ya kujumlisha alama ambayo mtu mwingine aliiandika akaondoka. Siku moja kompyuta hiyo itakufa, italetwa mpya, na programu itakataa kwenda. Makala haya yanahusu sehemu moja tu ya kazi itakayomkabili hapo, sehemu ambayo sisi tuliidharau nayo ikatuaibisha: kuyahamisha majaribio ya programu kutoka kiunzi kimoja hadi kingine.

Tueleze kwanza maneno yenyewe. Jaribio ni programu ndogo inayoandikwa ili kuiuliza programu kubwa swali ambalo jibu lake tumekwisha kulijua. Tunaipa programu ya alama 60 na 70, tunaitaka itafute wastani. Ikijibu 65 jaribio limefaulu, ikijibu kingine chochote limeanguka. Mwandishi mwangalifu hukusanya maswali ya namna hiyo makumi kwa makumi, na kila anapogusa programu yake huyauliza yote upya, ili ajue kama mkono wake haukuharibu jambo jingine. Kiunzi ni chombo kinachoyakusanya majaribio hayo, kikayauliza moja baada ya jingine na kutoa taarifa. Fundi wa jahazi husimamisha kiunzi ndipo agongomelee mbao. Nasi tukibadili kiunzi, mbao zote hapana budi zing'olewe na kugongomelewa upya, na hapo ndipo ubao unapoweza kupotea.

Viunzi hivi si vya jana. Kent Beck alitoa kimoja kwa lugha ya Smalltalk mwaka 1994. Baadaye yeye na Erich Gamma wakatunga JUnit kwa lugha ya Java. Na mwaka 2001 lugha ya Python ikakiingiza kiunzi cha unittest ndani ya toleo lake la 2.1. Kisha vikaja nose na pytest, vilivyompunguzia mwandishi maneno mengi. Lakini toleo la mwisho la nose, yaani 1.3.7, lilitoka mwaka 2015, na tangu hapo hakikupata matunzo. Python ilipofika toleo la 3.10 mwaka 2021, nose kilishindwa kufanya kazi kwa kuwa kilitegemea jina la zamani lililokuwa limeondolewa katika lugha. Miradi mikubwa ilikwisha kuhama mapema. NumPy, maktaba ya hesabu itumiwayo na wanasayansi wa nchi nyingi, ilihamia pytest katika toleo lake la 1.15, mwezi Julai 2018. Kwa hiyo kuhama si kufuata mitindo. Ni kuhama nyumba ambayo paa linavuja na fundi wake hayupo tena mjini.

Sasa tuseme yaliyotupata.

Chuoni kwetu palikuwa na programu iliyoandikwa mwaka 2014, kwa Python 2.7, na mkufunzi mwenzetu wa hisabati. Kazi yake ilikuwa nyepesi: kila mwanachuo anapokuwa katika mazoezi ya kufundisha hukaguliwa na wakufunzi wawili, programu ilipokea alama zao mbili, ikatafuta wastani, ikaukadiria hadi namba nzima, ikatoa daraja. Mpaka wa kufaulu ulikuwa 45. Mwenzetu huyo alikuwa mtu wa taratibu. Alipohamishwa alituachia programu, daftari la maelezo kwa mwandiko wa wino mweusi, na majaribio 64 yaliyoendeshwa na nose. Sisi tuliobaki tuliyaona majaribio hayo kama mapambo.

Mwaka 2022 zikaja kompyuta mpya. Python 2 ilikuwa imeacha kutunzwa tangu tarehe 1 Januari 2020, nazo kompyuta mpya zilikuwa na Python 3 peke yake, na nose kikagoma. Basi tulikaa alasiri moja tukafanya mambo mawili kwa mpigo: tukaibadili programu ifuate Python 3, na tukayahamishia majaribio kwenye pytest. Kuhamisha kwenyewe kulionekana rahisi mno. Tulibadili mistari michache iliyokitaja kiunzi cha zamani, tukatoa amri, taarifa ikatokea: 41 yamefaulu, 2 yametarajiwa kuanguka, na maonyo kadhaa. Mstari wa mwisho ulikuwa wa rangi ya manjano. Tulikuwa tumezoea kuogopa rangi nyekundu, manjano hatukuyaogopa. Tukafunga chumba tukaenda kunywa chai.

Matokeo ya mazoezi yalipobandikwa, alikuja ofisini mwanachuo mmoja wa kike na daftari mkononi. Jina lake lilikuwa katika orodha ya wanaorudia.

"Shikamoo, Mkufunzi."

"Marahaba. Karibu, una shida gani?"

"Mkufunzi, mkaguzi wa kwanza alinipa 43, wa pili 46. Nimejumlisha mara tatu: 89. Nusu yake ni 44 na nusu. Tulifundishwa hapa hapa chuoni kwamba nusu hupanda. Mbona mimi nimepewa 44?"

Tulimjibu jibu ambalo hatutalisahau: kwamba kompyuta haikosei, na pengine yeye ndiye aliyesoma vibaya alama za wakaguzi. Akainamisha kichwa, akaaga kwa adabu, akatoka. Alikuwa amekwisha kuwaandikia wazazi wake kwamba amefeli. Ni jioni tu, mmoja wetu alipochukua karatasi za wakaguzi na penseli, ndipo tulipogundua kwamba daftari la binti yule lilikuwa sahihi na kompyuta ndiyo iliyotudanganya, au tuseme kwa haki, sisi ndio tuliojidanganya kwa kuitumia.

Chanzo cha kwanza kilikuwa katika lugha yenyewe. Python 2 ilipokadiria alama yenye nusu iliipandisha: 44.5 ikawa 45. Python 3 hufuata kanuni nyingine: nusu hupelekwa kwenye namba shufwa iliyo karibu. Kwa hiyo 44.5 huwa 44, ilhali 45.5 huwa 46 kama zamani. Kanuni hiyo ina sababu zake. Anayejumlisha maelfu ya vipimo hapendi nusu zote zielekee upande mmoja. Lakini si kanuni ya chuo chetu, wala si ile tunayowafundisha watoto wa shule ya msingi. Tena ni kosa linalojificha, kwa sababu nusu ya majibu hubaki vilevile. Tulipozipitia karatasi zote tukakuta wanachuo 9 waliopunjwa alama moja. 8 haikuwabadilishia daraja, wa tisa ndiye huyo aliyekuja na daftari.

Sasa swali likawa: yale majaribio yalikuwa wapi? Mwenzetu wa mwaka 2014 hakuwa mzembe. Alikuwa ameandika majaribio 8 ya alama zenye nusu, 44.5 ikiwamo. Yangeendeshwa, yangeanguka mbele ya macho yetu alasiri ile ile. Lakini hayakuendeshwa. Katika nose ilikuwapo desturi ya kuandika kifungu kimoja ambacho, kwa amri iitwayo yield, hutoa majaribio mengi mfululizo, kama kuku atagaye mayai kila asubuhi. Vifungu vyetu vya namna hiyo vilikuwa viwili: kimoja kilitoa majaribio 15 ya mipaka ya madaraja, na cha pili yale 8 ya nusu. Pytest nacho kiliikubali desturi hiyo zamani, kikaiondoa katika toleo la 4.0 la mwaka 2018. Tangu hapo kilipokutana na kifungu cha yield hakikukiendesha; kilikiweka katika fungu la yaliyotarajiwa kuanguka, kikatoa onyo, kikaendelea na safari. Ndiyo yale 2 ya rangi ya manjano. Majaribio 23 yalikuwa yamekunjwa ndani ya namba 2, na 41 na 23 hufanya 64. Hesabu ya darasa la pili ingetuokoa, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyeifanya.

Hatuwalaumu watengenezaji wa kiunzi. Onyo lilitolewa, na ni sisi tuliokataa kulisoma. Wao wenyewe wameona udhaifu huo, maana tangu toleo la 8.4 la mwaka 2025 kifungu cha namna hiyo huhesabiwa kuwa kosa la wazi. Tunachosema ni kwamba anayehamisha majaribio aghalabu hutazama neno moja tu katika taarifa, nalo ni kama kuna lililoanguka. Hajiulizi ni mangapi yaliyoulizwa. Jaribio ambalo halikuulizwa halianguki.

Mwalimu mwanafunzi asidhani kwamba jambo hili ni la mafundi wa kompyuta. Chukua hesabu ya kutoa ya darasa la pili au la tatu: 52 kutoa 38. Mtoto asiyeelewa kuchukua makumi hutoa namba ndogo katika kubwa popote zilipo. 8 kutoa 2 ni 6, 5 kutoa 3 ni 2, anaandika 26. Katika zoezi la kuandika daftarini, swali hilo humfichua mara moja. Sasa tuseme unalihamishia zoezi hilo katika maswali ya kuchagua, nawe kwa haraka unaweka majibu 14, 24, 13 na 90. Mtoto anapata 26, anatafuta 26 haioni, anakisia, na mara nyingine hukisia 14. Swali ni lile lile, namba ni zile zile, jibu ni lile lile, na kumbe lile lililokuwa likilindwa na swali limetoweka. Umehamisha maneno ya swali ukaliacha jicho lake nyuma. Tumeyaona makosa ya aina hii katika maandalio ya wanachuo wetu kila muhula, na tulikuwa tukiyasahihisha kwa kalamu nyekundu bila kujua kwamba sisi wenyewe tungeyafanya.

Tulirudi nyuma, basi, tukaianza kazi upya. Kwa bahati kompyuta moja ya zamani ilikuwa bado haijatupwa stoo. Tuliiwasha, tukayaendesha majaribio kwa kiunzi cha zamani juu ya programu ya zamani, na mwanachuo mmoja akayaandika majina yote 64 katika daftari, jina moja kila mstari. Ndipo tukahamisha majaribio peke yake, programu tukiwa hatujaigusa. Hili tunalisisitiza kuliko yote: ukibadili kipimo na kinachopimwa siku moja, likitokea tofauti hutajua ni ipi kati ya hivyo viwili iliyoileta. Inawezekana kabisa kuvitenganisha. Yako matoleo ya zamani ya pytest yaliyokubali Python 2.7, na pytest huweza kuyaendesha majaribio ya unittest jinsi yalivyoandikwa, hata mradi ukahama faili moja baada ya nyingine kwa miezi. Vile vifungu viwili vya yield tuliviandika kwa namna ambayo pytest huitaka, yaani jaribio moja lenye orodha ya maswali na majibu juu yake, na kila mstari wa orodha huhesabiwa kuwa jaribio kamili. Tukaendesha: 64. Kila jina likawekewa alama ya vema daftarini. Ndipo tulipoipeleka programu na majaribio yake kwenye Python 3, na mara hii majaribio manne ya nusu yakaanguka, mekundu, kama yalivyopaswa. Tukaandika kanuni yetu wenyewe ya kupandisha nusu, yakafaulu.

Hata hivyo hatukuridhika, na hapa tunadhani ndipo penye faida kubwa kwa mwalimu. Mwaka 1978 wataalamu DeMillo, Lipton na Sayward walichapisha makala iliyopendekeza kwamba ubora wa majaribio upimwe kwa kuitia programu makosa madogo kwa makusudi, kisha kutazama kama majaribio yatayaona. Tulifanya hivyo. Katika mpaka wa kufaulu tuliondoa "sawa na", programu ikawa inataka alama izidi 45 badala ya kufika 45. Majaribio mawili yakaanguka papo hapo. Tukairudisha kanuni ya Python 3 ya kukadiria: yakaanguka manne kati ya yale manane, maana manne mengine yalihusu namba witiri ambako kanuni zote mbili hujibu sawa. Kisha tukaifanya programu imhesabie sifuri mwanachuo ambaye mkaguzi mmoja hakufika kumkagua, badala ya kumwacha bila alama. Tukaendesha. Hakuna lililoanguka.

Tulishangaa, kwa sababu jaribio la jambo hilo lilikuwamo katika faili. Tulikuwa tukilisoma kwa macho yetu. Ilituchukua saa nzima kuona kwamba vifungu viwili katika faili ile vilipewa jina moja, na Python, ikikuta jina limerudiwa, hukishika kifungu cha mwisho na kukisahau cha kwanza. Jaribio lile halikuendeshwa hata siku moja tangu mwaka 2014, wala halikuwamo katika yale 64. Tulibadili jina lake, hesabu ikawa 65. Tulimwandikia mwenzetu aliyeiandika programu, naye akajibu kwa ucheko kwamba alikuwa akiisifu faili ile kwa miaka minane.

Tunajua yatakayosemwa. Watasema tuna maazimio ya kazi na maandalio ya masomo, muda wa kuhesabu majaribio tutautoa wapi? Kazi ya mara ya pili ilituchukua siku mbili. Ya mara ya kwanza ilichukua alasiri moja, pamoja na barua ya kuomba radhi, kikao cha taaluma, na machozi ya binti wa watu. Wengine watasema kazi hizi sasa zifanywe na akili mnemba. Hatuzipingi. Mwezi Machi 2025 kampuni ya Airbnb ya Marekani ilieleza jinsi ilivyozihamisha faili za majaribio zipatazo 3,500 kutoka kiunzi cha Enzyme hadi React Testing Library kwa wiki 6 kwa msaada wa mashine hizo, kazi ambayo walikuwa wameikadiria mwaka mmoja na nusu. Lakini wao waliipitisha kila faili katika hatua za ukaguzi, na iliyoshindwa ikarudishwa. Mashine, kama mtu mwenye haraka, ikiambiwa tu kwamba jaribio lazima lifaulu, inayo njia fupi: kulibadili jibu linalotarajiwa. Badala ya 45 inaandika 44, na rangi ya kijani inatokea. Atakayeligundua hilo ni yule tu anayejua kwa nini 45 iliandikwa pale.

Kwa sababu hiyo tumeliingiza jambo hili katika vipindi vya mbinu za kufundishia hisabati, na tunawashauri wanachuo walijaribu hata katika shule isiyo na umeme. Hutakiwi kuwa na kompyuta. Kundi la kwanza huandika kanuni ya kutoa madaraja katika karatasi. Kundi la pili hutunga maswali kumi ya kuijaribu kanuni hiyo, na majibu yake. Kundi la tatu huichukua kanuni pembeni, huibadili neno moja kwa siri, huirudisha. Maswali kumi yakishindwa kulifichua neno hilo, kundi la pili hutafuta la kumi na moja. Tulipolifanya mara ya kwanza, maswali yote kumi ya kundi la pili yalikuwa na alama za katikati kama 50, 60 na 70. Hakuna hata moja lililogusa mpaka. Darasa lilicheka, kisha likanyamaza, kisha mikono ikaanza kunyoshwa.

Binti yule alipewa 45 yake, na tangazo jipya likabandikwa juu ya lile la kwanza, likiwa na saini zetu. Wazazi wake aliwaandikia barua ya pili. Kabla ya kumaliza chuo ndiye aliyeongoza kundi la tatu katika zoezi hilo, na kosa alilolificha yeye hatukulifichua hadi kengele ilipolia.